Mwenda hakuwa na kushoto wala kulia

Mdogo wangu wa Panda, barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimevaa kaske masikioni.

Unasema umeweka akiba ya dola 35 kutokana na mikate unayouza asubuhi, na sasa unataka kununua kaske kubwa, zile zinazofunika sikio lote. Aliyekutia hamu ni kaka yako. Simu yake ina programu ya muziki ambayo ukiisikiliza nyimbo zinafunguka kama milango ya kanisa siku ya sikukuu, lakini kwako zinabaki zimejibana katikati ya kichwa. Umejaribu hata nyimbo za Mwenda anazozipenda babu: kwa kaka gitaa limetanda huku na huku, kwako limekuwa kitu kidogo kati ya macho mawili. Kaka anasema kosa ni la ekutere zako za bei rahisi. Rafiki yako anasema kosa ni la programu. Unaniuliza: yaya, nani mkweli?

Hizo dola ziache zilipo kwanza. Nina ya kukuambia, na nitakwenda polepole, kwa sababu wenzako wa Kikula na Shituru nao wameniuliza jambo linalofanana na hili, na nimeona wengi wanatoa pesa kabla ya kujua wanachotafuta.

Fumba macho. Mama akikuita kutoka uani, unageuka upande wake bila kufikiri. Umejuaje yuko wapi? Sauti iliyotoka kushoto imefika sikio la kushoto kwanza, ndipo ikazunguka kichwa kufuata la kulia. Sauti inakwenda karibu mita 343 kwa sekunde, na kichwa cha mtu si kipana, kwa hiyo hata inayotoka ubavuni kabisa inachelewa kufika sikio la pili kwa muda usiotimia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo wako unaupima muda huo. Tena kichwa chenyewe kinatia kivuli: sauti nyembamba, kama ya kengele, inafika upande wa pili ikiwa imepungua nguvu. Na ile mikunjo ya sikio la nje, unayoiona kwenye kioo kila siku unapovaa hereni, inabadilisha sauti kidogo kidogo kulingana na ilikotoka, mbele, nyuma au juu. Kwa vidokezo hivyo vitatu ubongo unajenga mahali. Wapenda muziki wanapafananisha na jukwaa: mwimbaji katikati, gitaa huku, ngoma nyuma kule. Hilo jukwaa halimo ndani ya kaske wala ndani ya simu. Linajengwa na wewe, kila sekunde, kwa vifaa unavyoletewa.

Sasa weka bafle mbili, yaani spika, mezani, moja kushoto, moja kulia. Bafle ya kushoto inasikika na sikio la kushoto, kisha, kwa kuchelewa kidogo na kwa kupungua kidogo, inasikika na la kulia pia. Ukuta nao unarudisha sehemu yake, na sakafu, na kabati. Masikio yako yamezoea hali hiyo tangu ulipozaliwa. Ukivaa kaske, yote hayo yanakatwa. Cha kushoto kinabaki kushoto, cha kulia kinabaki kulia, chumba kimetoweka, na ukigeuza kichwa wanamuziki wote wanageuka nawe, jambo ambalo halitokei popote duniani isipokuwa ndani ya kaske. Ubongo ukikosa dalili zake unaamua kwamba sauti imo humu humu kichwani. Kwa hiyo unapoona nyimbo zimekaa kati ya macho, usidhani umasikini wa ekutere zako umekuadhibu. Mwenye kaske ya dola 300 naye anasikia mwimbaji kichwani mwake, pengine sentimita chache mbele zaidi.

Lakini umemtaja Mwenda, na hapo ndipo barua yako iliponigusa.

Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mji wetu huu wa Likasi, wakati ukiitwa bado Jadotville, ndio uliompa kusikika. Hugh Tracey, yule mtafiti aliyezunguka na mashine zake akirekodi muziki wa Afrika, alimrekodi hapa mwaka 1952, na wimbo wa Masanga ukatoka humo. Kidole gumba na cha shahada, gitaa moja, mtu mmoja. Nairobi walimjua, wakamwita, akawa na kipindi chake redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwake. Alikufa kwa ajali ya gari huko Zambia mwaka 1990. Babu yako anayajua haya kuliko mimi.

Jambo ambalo huenda babu hajakuambia ni kwamba rekodi zile ni mono. Mono maana yake njia moja tu ya sauti. Hati ya uvumbuzi wa stereo Mwingereza Alan Blumlein aliiomba mwaka 1931, lakini santuri za stereo zilianza kuenea madukani karibu na mwaka 1958, Masanga ikiwa imeshazunguka miaka kadhaa. Ukicheza rekodi ya mono kwenye kaske, sikio la kushoto na la kulia yanapata kitu kilekile, wakati uleule, kwa nguvu ileile. Ubongo unasema: basi mtu huyu yuko katikati kabisa. Na ni sawa! Ekutere zako za bei rahisi zimekuambia ukweli. Mwenda yuko kati ya macho yako kwa sababu rekodi yake haina kushoto wala kulia.

Basi gitaa la kaka limetanda kutoka wapi? Limetandazwa na programu. Ingia kwenye mipangilio yake utakuta kitu kimeandikwa 3D, au upanuzi wa stereo, au sauti ya ukumbi. Njia zake si nyingi: inachelewesha upande mmoja kidogo, au inapeleka besi huku na sauti nyembamba kule, au inaongeza mwangwi ambao haukuwepo. Hata si uvumbuzi wa simu. Miaka ya 1960 kampuni ya Capitol ya Marekani ilichukua nyimbo za mono ikazigawa kwa mashine ili ziuzwe kama stereo, ikaita kazi hiyo Duophonic, na wasikilizaji wengi waliopenda nyimbo zile walitamani zirudishwe zilivyokuwa.

Mimi nasimama upande wao, na nitakuambia kwa nini. Sikiliza Masanga bila upanuzi wowote, uifuate besi ya kidole gumba peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha rudi ufuate kidole cha juu. Mara ya tatu usifuate chochote. Utaanza kusikia wimbo mwingine unaotoka kati ya vidole hivyo viwili. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyejifunza amadinda, marimba ya Baganda, kwa mzee Evaristo Muyinda kule Kampala, aliandika mwaka 1962 juu ya jambo hili: katika amadinda ya Baganda wapigaji wanakaa wakitazamana, kila mmoja akijaza nafasi ya mwenzake, na sikio linaokota wimbo ambao hakuna mkono unaoupiga peke yake. Wimbo huo unazaliwa kwa sababu midundo inafika pamoja, imeshikana. Ukiipeleka besi sikio hili na sauti ya juu sikio lile, au ukaipaka yote mwangwi, ule uzi wa tatu unalegea. Kwangu huo ni upotevu mkubwa kuliko faida ya upana. Muziki wa Katanga ulijenga jukwaa lake kwenda ndani, tabaka juu ya tabaka, katika nukta moja.

Kuna nyimbo nyingine, mdogo wangu, ambazo kushoto na kulia ni mali yake halali. Chukua rumba ya stereo ya miaka ya 1970 au 1980. Mara nyingi utakuta gitaa la kusindikiza limewekwa upande mmoja na gitaa la mi-solo upande mwingine, na sebene, sehemu ya magitaa na dansi, ikianza yanazungumza kupitia kichwani mwako. Hapo kaske inakupa kitu ambacho bafle ya baa haitakupa kamwe. Lakini baadhi ya santuri za zamani za stereo ziligawanywa kwa ukali sana, ngoma yote kushoto, mwimbaji mzima kulia, na kwenye kaske zinachosha, kama mtu anayekunong'oneza sikio moja nusu saa nzima. Kwa hizo kuna dawa ya kweli. Benjamin Bauer aliieleza mwaka 1961: chota kidogo cha upande wa kushoto, kicheleweshe kidogo, kikate sauti nyembamba, kisha ukipeleke kulia, na kulia vivyo hivyo kwenda kushoto. Ni kurudisha ule uvukaji wa sauti uliokatwa na kaske. Mwenye kompyuta atapata kazi hiyo kwenye foobar2000 kwa nyongeza iitwayo bs2b, herufi yake ya kwanza ikitokana na jina la huyo Bauer. Jukwaa halitapanuka, tena litabana kidogo, lakini sauti itaacha kung'ang'ania sikio. Mimi naitumia kwa santuri hizo tu, kisha naizima.

Kuhusu zile programu zinazodai kukuweka ukumbini, mwimbaji mbele yako, kwaya nyuma: si ulaghai. Zinatumia vipimo vya jinsi sauti inavyopinda kwenye kichwa na masikio ya mtu. Ila mtu aliyepimwa si wewe. Mikunjo ya sikio lako ni yako, kwa hiyo programu ileile inamweka mwimbaji mbele ya kaka, na kwako inamweka juu ya utosi, na nyote wawili mnasema kweli. Msigombane juu ya hilo.

Sasa kuna makosa madogo ambayo naomba uyakague kabla ya kufungua mkoba. Nitaanza na langu, kwa sababu lilinigharimu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na ekutere za waya nilizonunua kwa kijana mmoja barabarani. Siku moja nyimbo zikafunguka. Upana wa ajabu, kinanda kimezunguka kichwa chote, vitikio vinatoka mbali. Nikazisifu kwa kila mtu. Jambo moja tu lilinisumbua: waimbaji walikuwa wamezama, wengine hawasikiki kabisa, nami nikasema nyimbo hizo zimerekodiwa vibaya. Nilikaa hivyo miezi mitatu. Halafu fundi wa simu akaishika ile pini, akaipindisha kidogo, na sauti ya mwimbaji ikarudi katikati kana kwamba mtu amefungua dirisha. Waya wa ardhi ulikuwa umekatika. Waya huo unatumiwa na pande zote mbili, na ukikatika masikio yote yanapata tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta, na mwimbaji ndiye anayewekwa sawa pande zote mbili. Kinachobaki ni mwangwi na vitu vya pembeni, na sikio linaona upana. Naona uchungu nikikumbuka nilivyomlaumu mwimbaji aliyefanya kazi yake vizuri. Kwa hiyo ukisikia wimbo mpana wenye mwimbaji aliyefifia, shika pini kwanza.

Unaweza kulijua kosa hili kwa Mwenda mwenyewe. Yeye ni sawa pande zote, hivyo waya wa ardhi ukikatika atatoweka karibu kabisa. Na hiyo ndiyo sababu nataka uende na Masanga dukani siku ya kununua kaske. Icheze, upanuzi wote umezimwa. Mwenda anapaswa kukaa juu ya pua yako, imara. Akielemea kushoto, geuza kaske, ya kulia ivae kushoto. Akibaki palepale kushoto, tofauti ni ya masikio yako mwenyewe, si ya kaske wala ya simu. Akihamia kulia, angalia simu kwanza: kwenye mipangilio ya ufikivu kuna kitelezi cha mizani ambacho kidole cha mtoto kinaweza kukisogeza bila mtu kujua. Mizani ikiwa katikati, basi kaske ina upande dhaifu, mrudishie muuzaji. Kwenye mipangilio hiyo hiyo ya simu kuna kitufe cha sauti ya mono. Kikiwa kimewashwa, kila rumba itakuwa kama Mwenda, na hakuna kaske itakayoisaidia. Baada ya hapo weka rumba ya stereo uhakikishe magitaa yameachana. Na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumezoea G na D kwa kushoto na kulia. Kwenye kaske nyingi utakuta L na R. L ni kushoto.

Kaske za bluetooth zina lake: simu ikiingia, au programu yoyote ikifungua maikrofoni, nyingi zinahamia njia ya mazungumzo, ambayo ni mono na nyembamba. Funga programu hiyo, jukwaa litarudi.

Na faili lenyewe. Nyimbo zetu zinapita simu hadi simu, zimebanwa na kubanwa tena. Ubanaji mkali unakula kwanza vitu vidogo, mwangwi wa chumba, mkia wa upatu, na kwa vitu hivyo ndivyo sikio linapima umbali. Wimbo wa kilobiti 64 kwa sekunde hautakuwa na kina hata kwa kaske ya mfalme.

Kwa kaske yenyewe nitakuwa mfupi. Zilizo wazi nyuma, namna iliyoanza kujulikana kwa Sennheiser HD 414 mwaka 1968, zinaacha sauti ipumue na kwa kawaida zinahisiwa kuwa na nafasi zaidi. Lakini zinaingiza kila kelele, na wewe umeandika kwamba nyumba yenu inapakana na barabara na malori ya madini yanapita usiku. Hizo hazikufai. Iliyofungwa, ya waya, yenye mto laini unaozunguka sikio bila kuligusa, inatosha. Ukibaki na ekutere za ndani ya sikio, badilisha vile vifuniko vya mpira hadi upate vinavyoziba. Pasipoziba besi inakimbia, na wimbo usio na besi unadanganya sikio kuwa ni mwembamba na wa mbali.

Sasa ugomvi wenu wa programu. Sauti kubwa kidogo tu inahisiwa kuwa pana na safi zaidi, na ndiyo sababu watu wengi wanaapa kwamba programu fulani ina jukwaa kubwa: imeongeza sauti tu. Mpe kaka simu moja, programu mbili, wimbo uleule, nyongeza zote zimezimwa. Sawazisheni sauti kwa uangalifu, mkishusha ile kubwa. Wewe tazama ukuta. Yeye achague programu kwa kurusha sarafu, mara kumi, aandike, nawe useme ni ipi. Ukipata tano au sita, umebahatisha. Ukipata tisa, kuna tofauti ya kweli, na kazi yenu ni kutafuta kitufe gani bado kimewashwa. Faili ni lilelile. Bila nyongeza, na sauti zikiwa sawa, programu haina jukwaa lake la kuongeza.

Jambo moja silegezi. Usitafute jukwaa kwa kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kuzivumilia saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa 4 tu. Malori yakipita mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe, najua. Simamisha wimbo, lori lipite. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyouletea ubongo sauti vikifa havioti tena, na hakuna duka Likasi wala Lubumbashi linalouza vingine. Na ukivuka barabara ya Kolwezi, vua zote mbili.

Basi jibu langu. Kaka amesema kweli kwamba kaske ina sehemu yake, rafiki amesema kweli kwamba programu ina sehemu yake, na wote wawili wamesahau kuuliza rekodi ilifanywaje. Kagua pini, mizani, kitufe cha mono, zima nyongeza. Ukiona bado unahitaji kaske, tumia dola 20, nyingine zirudi kwenye unga.

Na kwa Mwenda, jaribu hili kabla ya yote. Santuri zake hazikutengenezwa kwa kaske. Zilitoka kwenye gramafoni moja ndani ya chumba, watu wamekaa, mlango wazi, na chumba ndicho kilichompa mahali pa kukaa. Jioni umeme ukiwepo, azima bafle ndogo moja, moja tu, iweke juu ya kiti kwenye kona ya sebule, si karibu na masikio ya mtu. Mkalishe babu mahali anapopenda. Kisha muulize gramafoni ya kwao ilikuwa inawekwa wapi, na kama ni kona nyingine, hamisha kiti.

Niandikie alivyojibu.

Yaya wako